Wakuu, mtu anaweza kusomea tumbo la mnyama maisha yake yote? Naomba kujuzwa habari za Hofmann

kijana_wa_Kiteto:

Habari za jioni wakuu. Mi nipo mwaka wa pili chuo nasomea sayansi ya wanyama, nyumbani ni Kiteto, mzee anafuga ng'ombe na mbuzi kwa hiyo mifugo naijua toka mtoto, ila kwa macho ya kuchunga sio ya kitabu.

Juzi mwalimu wa fiziolojia alikuwa anafundisha mmeng'enyo wa wanyama wanaocheua akamtaja Hofmann mara moja tu, kwamba ndo aliyewapanga hawa wanyama makundi matatu kwa kuangalia matumbo yao na kwamba kazi yenyewe aliifanyia Nairobi kwa wanyama wetu hawa hawa, kisha akafuta ubao akaingia kwenye mambo ya amonia. Mi nikabaki pale pale kwa Hofmann mpaka kipindi kinaisha.

Kilichonishika ni hivi. Idi iliyopita nyumbani tulichinja mbuzi, jirani akachinja ng'ombe, na kuosha utumbo ni kazi ya vijana, basi nimekaa na beseni naligeuza tumbo kubwa la mbuzi ndani nje nikaona vile vinyama vidogo vyeusi kama ndimi za mjusi vimejaa karibu kila mahali, nikaenda kumsaidia jirani kugeuza la ng'ombe nikakuta kuna sehemu vimesongamana na kuna sehemu havipo kabisa, pamelala laini kama kiganja. Nimekula utumbo maisha yangu yote sikuwahi kuona hicho kitu. Nikamuuliza mama akaniambia ndivyo Mungu alivyowaumba, na sina ubishi na hilo, ila mi nataka kujua kwa nini hivi na sio vile.

Kwa hiyo naomba mwenye kumjua huyu Hofmann anieleze alikuwa nani, alifanyaje kazi yake, na je ni kweli mtu anaweza kujenga maisha ya utafiti kwenye kitu kimoja kama tumbo? Na pia kuna Waafrika waliofanya kazi ya namna hii au ni wageni tu? Natanguliza shukrani.

BwanaMifugo_Mstaafu:

Mwanangu, swali lako limenifurahisha, ngoja nivute kiti.

Reinhold Hofmann alikuwa daktari wa mifugo Mjerumani, na miaka ya 60 alikuwa akifundisha anatomia pale Nairobi, enzi hizo hakijawa Chuo Kikuu kinachojitegemea maana hilo lilikuja 1970. Sasa fikiria hali ilivyokuwa. Vitabu vyote vya anatomia vimeandikwa kwa ng'ombe, kondoo na farasi wa Ulaya, mwanafunzi anakariri tumbo la ng'ombe kama vile ndo tumbo la kila mnyama anayecheua duniani, na huku ukitoka Nairobi kuelekea Athi River unapishana na kongoni, nyumbu, swala tomi, swala pala na twiga, kila mmoja anakula chake. Hofmann akaanza kuyafungua matumbo ya hao, mmoja baada ya mwingine, anapima, anachora, anakata vipande vya kuweka kwenye maikroskopu. 1968 alishatoa makala ya kulinganisha kuta za rumeni, yaani lile tumbo kubwa la kwanza, na kile chumba tunachoita kitabu, na 1973 kikatoka kitabu chake kizima kuhusu matumbo ya wanyamapori wanaocheua wa Afrika Mashariki, kimechapwa Nairobi na East African Literature Bureau, shirika lile lile lililotutolea vitabu vya Kiswahili tulivyosomea utotoni. Mi hilo huwa linanipa raha sana, kwamba kitabu ambacho dunia nzima ya sayansi ya wanyamapori inakirejea kilitoka kwenye mtambo wa hapa hapa.

Alichokuta ni hiki. Kuna wanyama wa majani laini ya miti, vichipukizi na matunda, wanachagua kila wanachoweka mdomoni, hapo weka twiga, tandala, pongo, swala twiga, digidigi. Kuna wa nyasi, weka nyati, nyumbu, kongoni, nyamera, kuro, choroa, pamoja na ng'ombe na kondoo wako. Na kuna wa katikati wanaobadilika na msimu, swala pala, swala granti, swala tomi, pofu, na mbuzi wako. Angalia digidigi ana kama kilo 5 na twiga dume anapita kilo 1,000 lakini wamekaa kundi moja, kwa hiyo hakuangalia ukubwa wa mwili, aliangalia tumbo limejengwaje.

Sasa nakuja kwenye beseni lako. Nyasi zikitafunwa zinakatika nyuzi ndefu, zikifika kwenye rumeni zinaelea zinasongamana kama mkeka, juu ya mkeka gesi, chini yake maji. Dari ya tumbo inakaa kwenye gesi tu, chakula hakiigusi sana, basi vile vijinyama vinavyofyonza asidi zinazotokana na kuchachuka havina kazi pale juu ndo maana ulikuta pamelala kama kiganja. Majani ya mti yanavunjika vipande vipande, hayafanyi mkeka, yanachanganyika na maji kama uji, uji unagusa kila ukuta, na kwa hiyo mnyama wa majani ana vijinyama vimeenea pande zote. Mbuzi yupo kati, ndo ukaona vimejaa "karibu" kila mahali. Umeona mwenyewe kabla hujafundishwa.

Hakufanya peke yake. Alikuwepo Stewart, yeye kazi yake ilikuwa kujua mnyama amekula nini hasa, na njia aliyoitumia ni kuchukua kinyesi na kutafuta kwenye maikroskopu vipande vya ngozi ya jani, maana ile ngozi ya nje ya nyasi haimeng'enywi ikaisha yote na kila aina ya nyasi ina alama zake. Unaona walivyokutana, mmoja ana tumbo mwingine ana mavi, 1972 wakaandika pamoja ule mgawanyo unaofundishwa mpaka leo.

Kuhusu maisha ya utafiti, alirudi Ujerumani akawa profesa kwenye chuo cha Giessen, baadae Berlin kwenye taasisi ya utafiti wa wanyama wa bustani na wa porini, na 1989 akatoa makala kubwa akiupeleka mgawanyo wake kwa wanyama wa mabara mengine, paa wa Ulaya na wengineo. Zaidi ya miaka 20 swali ni lile lile, mwanangu. Tumbo linatosha.

Kajiado_bomani:

Ahsante mzee kwa darasa. Mimi ni wa upande wa Kenya, naongeza la Waafrika kwa sababu kijana ameuliza na ni swali la maana.

Tafuta kazi za Geoffrey Maloiy. Mkenya, profesa wa fiziolojia ya wanyama Nairobi, na huyo amefanya vitu vingi mpaka mtu unashangaa alilala saa ngapi. 1973 aliandika juu ya digidigi na maji, jinsi kale kamnyama kanavyoishi kwa maji yaliyo ndani ya majani na kubana kila tone, mkojo mchache mzito na kinyesi kikavu. 1982 yeye na Clemens wakatoa makala ya mmeng'enyo wa tembo, kifaru na kiboko. Hapo ndo nilijifunza kiboko ana tumbo la mbele lenye vyumba na vijidudu vinachachua nyasi humo kama kwa ng'ombe lakini kucheua hacheui, na tembo na kifaru wao kazi yote inafanyika nyuma kwenye utumbo mpana, ndo sababu mavi ya tembo ukiyapasua unakuta vijiti na nyuzi nzima nzima.

Alafu kuna ile ya 1986 yeye na wenzake akina Taylor, ilitoka kwa jarida la Nature, walipima oksijeni wanayotumia kina mama wa Kijaluo wanaobeba kwa kichwa na wa Kikuyu wanaobeba kwa kamba ya kipaji cha uso, wakakuta mama anaweza kubeba mzigo mpaka asilimia 20 ya uzito wake bila mwili kutumia nguvu zaidi ya anapotembea mikono mitupu. Yaani mama wa kilo 60 na kilo 12 kichwani. Najua sio tumbo, nimeileta kwa sababu ni mtu yule yule na maabara ni ya wanyama, fiziolojia ukiishika haikufungii mlango mmoja.

Sasa kitu cha bomani. Ukame wa mwisho uliotupiga ng'ombe wetu walikufa wengi sana, baba alibaki na wachache mno nisitaje, lakini mbuzi wengi walivuka. Kila asubuhi nilikuwa naenda chini ya ule mti tunauita oltepesi, aina ya mgunga, na fimbo ndefu naangusha yale maganda yaliyojikunja, mbuzi wanasikia tu mlio wa fimbo wanakuja mbio. Ng'ombe pia walikuwa wanaokota lakini hawashibi, maganda ni machache na tumbo lao linataka mzigo mkubwa wa nyasi. Mbuzi ana mdomo mwembamba na midomo inayocheza, anatoa jani katikati ya miiba miwili. Ng'ombe anafagia na ulimi, nyasi ikiwa fupi kama kucha ulimi haushiki kitu. Niliposoma huo mgawanyo nikaona ni habari ya boma letu imeandikwa na mtu ambaye hakuwahi kulala bomani.

mpitaji_77:

Somo zuri wakuu lakini tumwambie kijana ukweli, mdogo wangu kamaliza digrii ya wanyama yupo nyumbani mwaka wa pili anauza dawa za kuku. Ajira ya kusomea rumeni ipo wapi? Sipingi, nauliza kwa nia njema.

dada_wa_maabara:

@mpitaji_77 swali lako ni halali na mi naishi kwenye hiyo ajira kwa hiyo nitajibu. Nafanya kazi maabara ya lishe ya mifugo. Mshahara sio wa kujenga ghorofa. Kazi ipo kwa sababu kila anayetengeneza chakula cha ng'ombe wa maziwa, kila mradi wa malisho ya mashudu, matete au majani ya lukina (mti wa malisho) anataka kujua kitu kimoja tu, hiki kikiingia tumboni kinatoa nini. Na jibu linapatikana kwa njia ambayo kijana ataipenda.

Asubuhi saa kumi na moja naenda machinjioni na chupa mbili za chai, zile za kutunza joto, nimezijaza maji moto njiani. Ng'ombe akipasuliwa namwaga maji, nachota maji ya rumeni mpaka mdomoni mwa chupa nisiache hewa, maana hao bakteria hewa inawaua, nafunga narudi mbio. Maabara nachuja kwa kitambaa, napitishia gesi ya kaboni dioksidi, nachanganya na maji ya chumvi yanayoiga mate ya ng'ombe, kisha nagawa kwenye sirinji za kioo kila moja na miligramu 200 za chakula kilichosagwa, zinakaa nyuzijoto 39 kwa saa 24. Ukirudi unakuta pistoni zimepanda zenyewe kwa gesi. Mchakato huu ulitengenezwa chuo cha Hohenheim Ujerumani na mtu anaitwa Menke na wenzake miaka ya 70. Chakula kizuri sirinji inapanda sana, bua la mahindi lililokauka linapanda kwa kujivuta. Majani ya migunga yenye tanini, ile kemikali chungu ya mimea, yanapanda kidogo, ukiongeza kemikali inayoishika tanini sirinji ile ile inaruka juu. Nimeona hivyo mara nyingi na kila mara nasimama kuangalia. Harufu haitoki kwenye nywele siku nzima, nafunga kilemba.

Sasa narudi kwa Hofmann, maana mzee kaeleza vizuri ila nataka kijana asiyachukue yote kama msahafu. Ile picha ya anatomia ni ya kweli, hakuna aliyeipinga. Kilichopingwa ni maana yake. Hofmann alisema mnyama wa majani ana tezi kubwa za mate kwa sababu anatoa mate mengi, na kwamba hayo mate yanasukuma utamu wa majani kupitia ule mfereji ambao ndama anautumia kupitisha maziwa moja kwa moja hadi tumbo la nne, yaani kwa mtu mzima pia unafanya kazi. Pia kwamba chakula kinapita upesi na nyuzi hazimeng'enywi sana.

1994 watafiti Gordon na Illius wakachukua wanyama wa Afrika wakaonyesha tofauti nyingi za mmeng'enyo zinaelezwa na ukubwa wa mwili, ukishauondoa ukubwa kundi linabaki na la kusema kidogo. 1995 Robbins, Spalinger na van Hoven wakapima kabisa. Tezi za mate kweli ni kubwa kama mara 4 kwa wala majani, lakini tandala mkubwa ambaye ni mla majani tezi zake ni ndogo kama za mla nyasi, na mate yenyewe waliyoyapima kwa paa wa Marekani, kondoo na ng'ombe wakiwa wametulia hayakutofautiana. Maji kwenye rumeni nayo yanapita kwa mwendo ule ule.

Je alikosea basi? Mi nasema hapana, alifungua mlango. Ukisoma kazi za baadae za akina Clauss na Hummel utaona walichobakisha ni kile kile kilichoko kwenye beseni lako, mkeka kwa wala nyasi na uji kwa wala majani, na mate ya wala majani yenye protini za kuishika tanini, hizo tezi kubwa zikapata maelezo mengine. Na pia kwenye bustani za wanyama Ulaya walikuwa wanalisha twiga nyasi kavu kama ng'ombe, wanakula kidogo, wanakonda mafuta yote ya mwili yanaisha mpaka kufa na banda lina chakula. Leo wanaelewa kwa nini, twiga anapewa matawi na lusani. Hiyo ni faida ya mtu aliyekaa anachora matumbo.

@kijana, ushauri wangu jifunze takwimu mapema. Anatomia unaipenda tayari hiyo itajifunza yenyewe, takwimu ndo zitakuangusha kwenye proposo, yaani andiko la kuomba kufanya utafiti.

kijana_wa_Kiteto:

Wakuu sijui niseme nini, ahsanteni sana, dada wa maabara nimekuelewa na takwimu kweli ndo zinanitesa, nitaanza upya na kitabu cha mwaka wa kwanza.

Nimerudi kutoa ripoti. Jumamosi nilienda machinjio ya hapa mjini saa kumi na mbili asubuhi, nikawaeleza mafundi mi ni mwanafunzi nataka kuangalia matumbo tu sinunui, mmoja akanicheka mwingine akanipa buti. Nilipata ng'ombe wawili, kondoo mmoja na mbuzi watatu. Nilikata kila tumbo kipande cha ukubwa wa sanduku la kiberiti juu mgongoni na kingine chini kwenye mfuko, nikahesabu vijinyama. Kwa ng'ombe juu ni kama hakuna, chini sikuweza kumaliza kuhesabu. Kondoo kakaribiana na ng'ombe. Mbuzi wote watatu juu vipo, vifupi lakini vipo. Mkeka nao nimeuona kwa macho yangu, fundi alipopasua tumbo la ng'ombe gesi ikatoka na nyasi zilikuwa zimeshikana ukiingiza mkono unabeba kama tope la nyumba, la mbuzi lilimwagika kama uji kweli.

Kitu kimoja sijakielewa, mbuzi wawili vijinyama vyao virefu na wa tatu vifupi sana, na wote ni wakubwa. Nimekosea kupima?

BwanaMifugo_Mstaafu:

Hujakosea. Uliza walikotoka. Vijinyama vinakua na kusinyaa kwa chakula, Hofmann aliwaona swala pala wakibadilika hivyo kati ya kiangazi na masika, majani mazuri yakija asidi zinakuwa nyingi tumboni, ukuta unapata damu zaidi na vijinyama vinarefuka ndani ya wiki chache. Huyo wa tatu huenda ametoka sehemu kavu au amekaa mnadani siku nyingi hali kitu.

Rudi tena masika, ukate sehemu zile zile, na safari hii pima na urefu kwa rula. Weka vipande kwenye fomalini, ile dawa ya kuzuia nyama isioze, kama chuo hawakupi basi hata chumvi nyingi vitafika. Na waambie mafundi wasimwagie maji ya moto kabla hujakata, maana ya moto ndo yanayovua ule weusi wote na vijinyama vinaondoka navyo.

Kajiado_bomani:

Ukirudi masika nijulishe, na mimi nitapima za huku kwetu tulinganishe. Nitumie hizo vipimo vya sanduku la kiberiti, urefu na upana, tukate sawa.